Mwongozo wa Kutumia Kihisi cha Koili katika Usafishaji wa Mabomba ya Maziwa

Mwongozo huu ni wa mafundi na waendesha mitambo katika viwanda vya maziwa, ambako mabomba husafishwa kwa kuzungusha kemikali ndani yake bila kufunguliwa. Kihisi hupima uwezo wa kimiminika kupitisha umeme, na kwa kipimo hicho mtambo hutenganisha maji, maziwa na kostiki.

1. Kinavyofanya kazi
Koili mbili zimefunikwa ndani ya pete ya plastiki ngumu. Ya kwanza huzalisha mkondo wa umeme katika kimiminika kilichojaa kwenye tundu la pete, na ya pili huupima mkondo huo. Kwa kuwa hakuna metali inayogusa kimiminika, hakuna elektrodi ya kuliwa na asidi wala kuzibwa na mafuta ya maziwa. Kwa maji yaliyoondolewa madini, tumia kihisi cha elektrodi. Mkondo wake ni hafifu mno kwa koili.

2. Kufunga
a) Chagua bomba la wima ambalo kimiminika hupanda, ili lijae wakati wote na hewa isikwame.
b) Elekeza tundu sambamba na mtiririko.
c) Ukuta wa bomba ukiwa karibu, kipimo hupotoka: plastiki hukishusha, chuma hukipandisha. Ingiza kwenye kifaa kigezo cha ufungaji alichotoa mtengenezaji.

3. Joto
Upitishaji umeme hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Kostiki ya nyuzi 75 isiporekebishwa kwenda nyuzi 25, itasoma karibu maradufu. Kipimajoto kilichomo ndani ya plastiki huchelewa. Subiri joto litulie kabla ya kuandika namba.

4. Kuhakiki
a) Ondoa kihisi, kioshe na ukikaushe, hasa ndani ya tundu. Kikiwa hewani kisome sifuri.
b) Rudisha kigezo cha ufungaji kuwa 1, kisha kitumbukize katika myeyusho wa 12.88 mS/cm wa nyuzi 25. Tumia chombo kipana, na kihisi kisikaribie kuta wala kitako.
c) Kabla ya kukirudisha bombani, rejesha kigezo cha awali.

5. Kusoma namba
Maji ya bomba kwa kawaida husoma chini ya 1 mS/cm, maziwa 4 hadi 6, na kostiki ya asilimia 1 takriban 50 kwa nyuzi 25. Asidi nayo husoma juu, kwa hiyo namba peke yake haitaji kemikali. Katika tangi la kostiki nzito jihadhari zaidi: ikizidi takriban asilimia 15, kipimo huanza kushuka badala ya kupanda. Thibitisha nguvu ya kemikali kwa sampuli ya maabara.

6. Usalama
Kabla ya kuondoa kihisi, zima pampu, funga valvu na uzitie kufuli, toa shinikizo na umwage kimiminika kilichobaki. Vaa miwani ya kinga, glavu na aproni. Kostiki ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha utafute tabibu.

Baada ya suuza ya mwisho, linganisha maji yanayotoka na yanayoingia. Vipimo visipolingana, endelea kusuuza. Maziwa yasiruhusiwe kuingia kwa kutazama saa peke yake.