Karatasi za biashara: zinaingia wapi, zinatoka wapi?

Ndugu wanamemba, kahawa inaweza kufika kwa mnunuzi na feza isirudi, juu ya karatasi moja tu iliyopotea. Tupange njia ya karatasi zetu mbele ya mavuno.

1. Zinazoingia. Komande inapokelewa na mtu mmoja: sekretere. Anaandika katika kaye: namba, tarehe, nani ametuma. Komande ikija kwa telefone, ainakili siku ile ile. Telefone inaweza kuibiwa, kaye inabaki.

2. Zinazotoka. Bordero inaandikwa mara tatu: moja inabaki kwa mnunuzi, ya pili inarudi na sahihi yake, ya tatu inakaa depo. Kisha fakture inatumwa, na ndani yake namba ya komande na ya bordero.

3. Kulinganisha. Kopi ya depo inasema kilo 600, ile iliyorudi inasema 580? Musitume fakture kwanza. Ulizeni mara moja dereva na mnunuzi. Kisha mwezi moja hakuna atakayekumbuka. Kilo 20 zile ni jasho la mwanamemba.

Swali la mkutano: kwetu, nani anashika kaye? Akigonjwa, nani anaishika?