Hamira Msiisingizie: Maswali Yenu Kuhusu Mahamri

Unga wangu unaumuka vizuri kwenye beseni, lakini mahamri yakiingia karaini hayafuri. Niongeze hamira?

Wa Ngamiani, Pangani na Muheza nawajibu pamoja, maana mmeuliza jambo moja. Msiongeze! Hamira kazi yake kubwa ni kabla ya karai: inakula sukari, inatoa hewa, unga unaumuka na kulainika. Kinacholifurisha hamri likawa wazi ndani ni mvuke. Tui lililomo kwenye unga likipata moto wa ghafla linageuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unaachanisha ngozi ya juu na ya chini. Ndiyo maana hamri lililosukumwa huku jembamba huku nene hufura kona moja tu, na lenye ufa halifuri kabisa. Sukuma unene mmoja, kama nusu sentimita. Ukishakata, funika kwa kitambaa yapumzike. Mafuta yapate moto hasa: hamri lizame, kisha liibuke papo hapo. Likiibuka tu, chota mafuta kwa upawa ulimwagie mgongoni, litajaa huku unaliona. Anayezidisha hamira anaambulia harufu ya pombe.

Unga wangu hauumuki kabisa. Jirani anasema ni kijicho, nikaufukize ubani.

Acha ubani, shika tui kwa kidole. Hamira ni kitu hai. Tui likiwa la kuunguza inakufa, na unga hauumuki hata ukeshe.

Mafuta meusi yakikaangiwa kitunguu yanasafika?

Hapana. Yakifika hapo yamekwisha, mwaga.

Iliki ya unga ya dukani inafaa?

Nunua nzima, ile ya milima ya Amani, utwange mwenyewe.

Mama tunayenunua kwake anafungia magazeti. Kuna ubaya?

Upo, na unanikera kila asubuhi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, wengi wakakimbilia magazeti na karatasi za mitihani. Wino wa gazeti una mafuta yatokanayo na petroli, na hamri la moto linaunyonya. Nimeshaona mtoto akila hamri lenye herufi zinazosomeka. Jani la mgomba lililooshwa likafutwa linatosha, na mkoa wetu haujakosa migomba. Nawe mnunuzi usingoje muuzaji abadilike: toka nyumbani na bakuli lako lenye kifuniko.