Kanga wa Sufu: Vidokezo vya Kufinyanga kwa Sindano

Huhitaji uzi wala gundi. Unahitaji sufu, sindano yenye vijino na mkono usio na haraka. Tuanze na kanga, ndege mwenye madoa. Mfanye ameatamia, ili miguu isikusumbue.

1. Nunua sufu, si sufi. Sufi ya msufi ni nzuri kwa mito, lakini nyuzi zake zinateleza. Unywele wa kondoo una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho; sindano ikizisukuma nywele ndani, magamba hukamatana na hayaachani. Ukitilia shaka ulichouziwa, choma kipande kidogo. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayopondeka. Akriliki huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

2. Ulizia kwa wafugaji. Kwa walio Kenya, kondoo wa sufu wako nyanda za juu, pande za Molo na Nyandarua. Mimi huchagua Corriedale kuliko Merino, kwani Merino ni laini mno, huchelewa kushikana na huonyesha matundu ya sindano. Sufu ghafi iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni ili mafuta yatoke, na usiikoroge, la sivyo itagandamana humo humo beseni. Ianike kivulini, kisha ichane.

3. Jua namba za sindano. Namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba: 36 ya kuanzia umbo, 38 ya kazi nyingi, 40 ya kumalizia. Zilikuwa sindano za mashine za viwandani, hadi David na Eleanor Stanwood wa Marekani walipoanza kuzitumia kwa mkono miaka ya 1980.

4. Iingie wima, itoke kwa njia ileile. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Weka kipande kinene cha sponji ya godoro mezani, viringisha sufu iwe bonge kubwa kuliko ndege unayemtaka, kwa maana litasinyaa sana. Dunga, geuza, dunga. Ukidunga upande mmoja tu, bonge litakuwa bapa kama chapati. Vijino vinaelekea chini, vinaburuta nywele kuzipeleka katikati, kwa hiyo kiini kikaze kwanza. Kiini kikibaki laini, ndege atabonyea hata umrembe vipi. Usipinde sindano ikiwa ndani. Yangu ya kwanza ilivunjikia tumboni mwa kanga, na ncha nikaipata kwa sumaku baada ya kuichana kazi ya jioni nzima. Vaa subana ya ngozi, na usiondoe macho kwenye ncha.

5. Acha shungi shingoni. Kichwa kitengeneze peke yake, cha buluu, na chini yake bakiza nywele zisizodungwa. Zitandaze juu ya kiwiliwili, uzidunge pande zote mpaka kiungo kipotee.

6. Madoa yafanyie kazi polepole. Chukua sufu nyeupe kidogo sana, iviringe kwa vidole iwe kama punje ya mtama. Iweke juu ya mgongo mweusi, idunge katikati mara moja kwa namba 40, kisha zunguka ukingoni. Ukizidisha kina, doa linakuwa shimo. Usiyapange kwa rula. Mtazame kanga halisi.

7. Rangi za jikoni zinatosha. Maganda ya vitunguu pamoja na shabu hutoa rangi ya chungwa inayokaa. Manjano inapendeza, ila jua huifuta.

8. Mlinde na nondo. Viluwiluwi vyake hula sufu. Mara kwa mara mkague chini ya mabawa, na ukiona dalili, mfunge kwenye mfuko wa plastiki umweke kwenye friza siku kadhaa.

Na kama zawadi ni ya mtoto mdogo, tafadhali usitumie shanga kwa macho. Dunga sufu nyeusi.