Kunguni Kwenye Gesti: Dakika Tano Kabla ya Kulala

Barabara ya kutoka Athi River kupitia Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil hadi mpakani Namanga hupitisha watu wa kila aina: wauzaji wa mifugo, madereva wa malori, wanafunzi wanaorudi shuleni, na watalii wanaoelekea Amboseli. Wengi wao hulala usiku mmoja njiani na kuondoka alfajiri. Kunguni naye husafiri kwa njia hiyo hiyo, ndani ya mishono ya mabegi yao, bila kulipa nauli.

Tatizo hili si la Kajiado pekee. Mwaka 2023 mji wa Paris, Ufaransa, uligonga vichwa vya habari duniani kwa sababu ya kunguni. Shirika la serikali ya nchi hiyo linalosimamia usalama wa afya lilikadiria kwamba takriban nyumba 11 katika kila 100 zilikuwa zimevamiwa kati ya 2017 na 2022. Kwa hiyo kunguni si alama ya umaskini wala ya uchafu. Hafuati uchafu, hufuata damu. Chumba kilichopigwa deki kila siku kinaweza kuwa naye, na hoteli ya bei ghali haina kinga.

Kumtambua mdudu

Kunguni mkubwa ana urefu wa milimita 5 hadi 7. Hana mabawa, ni bapa, na rangi yake ni kahawia inayogeuka nyekundu akishashiba. Ukubwa wake unakaribia punje ya ndengu. Jike hutaga yai moja hadi matano kwa siku. Mayai ni meupe, yana urefu wa milimita moja hivi, na hunata kwenye mbao au kitambaa. Huanguliwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Mtoto hujivua ngozi mara tano kabla ya kukomaa, na kila mara lazima anyonye damu kwanza. Mkubwa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, na ndiyo maana kufunga chumba kwa wiki mbili hakumwangamizi.

Mchana hujificha. Usiku hutoka akifuata joto la mwili na hewa tunayotoa tukipumua, hunyonya kwa dakika 3 hadi 10, kisha hurudi mafichoni.

Hadi sasa haijathibitishwa kwamba kunguni huambukiza binadamu magonjwa kwa kumuuma. Hata hivyo madhara yake si madogo: kuwashwa, vidonda vinavyoingia viini kwa kujikuna, na kukosa usingizi. Kwa watu wengine alama za kuumwa huchukua siku kadhaa kuonekana, na wengine hawapati alama kabisa. Kwa hiyo ngozi peke yake si ushahidi. Kinachotafutwa ni mdudu mwenyewe au dalili zake.

Msafiri afanye nini

Kabla ya kufungua begi, msafiri aliweke mahali pasipo kitambaa, kama vile sakafu ya bafu au juu ya meza, wala si kitandani. Kisha awashe tochi ya simu na kukagua:

• Mishono na pembe za godoro, baada ya kuinua shuka.
• Maungio ya kitanda na mbao zinazobeba godoro.
• Nyuma ya kichwa cha kitanda, nyufa za ukuta, pazia na mikunjo ya neti.

Dalili ni vidoa vyeusi kama vya kalamu ya wino, ngozi zilizovuliwa, mayai meupe, au madoa ya damu kwenye shuka. Akiziona, amwambie mwenye nyumba na aombe chumba kingine kisichopakana na hicho, au aondoke. Kuagiza shuka mpya pekee hakusaidii, kwa kuwa kunguni yuko kwenye godoro na mbao.

Akirudi nyumbani, begi lifunguliwe nje au bafuni. Nguo zinazostahimili moto zifuliwe kwa maji yenye joto la nyuzi 60 au zaidi. Mishono ya begi isuguliwe kwa brashi na kukaguliwa. Kazi hii ya nusu saa ni nafuu kuliko kupiga dawa nyumba nzima, hasa katika ploti za kupanga ambako ukuta mmoja hutenganisha familia mbili.

Mwenye gesti afanye nini

Kosa kubwa la wenye vyumba ni kuficha. Mgeni akilalamika, godoro huhamishiwa chumba kingine au huuzwa, na tatizo moja huwa matano. Chumba kilichoathirika kifungwe, na vyumba vya pande zote, juu na chini vikaguliwe. Nyufa zizibwe na vitanda visogezwe mbali na ukuta. Maji yanayochemka au mvuke hufaa kwenye maungio ya vitanda, mradi joto limfikie mdudu na mayai. Kuanika godoro juani hakutoshi, kwani kunguni huhamia upande wa kivuli.

Dawa ipigwe na fundi aliyehitimu, na iwe imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB. Kunguni wengi wamezoea dawa za kawaida, na baadhi ya dawa haziui mayai. Kwa hiyo upigaji hurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo, dawa ya shambani, au mafuta ya taa havifai kamwe: vinaweza kumtia mgeni sumu au kuchoma nyumba.

Sheria inasemaje

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu jengo lililojaa wadudu kiasi cha kuhatarisha afya kuwa kero. Afisa wa afya ana mamlaka ya kumpa mwenye jengo notisi ya kuondoa kero hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa kila mteja haki ya huduma ya ubora unaostahili na ya kulindwa afya yake.

Mkazi au msafiri aliyekuta kunguni apige ripoti kwa afisa wa afya ya umma wa wadi husika, akitaja jina la jengo, nambari ya chumba na tarehe. Picha husaidia. Hakuna aibu katika kuripoti. Aibu ndiyo inayompa kunguni nafasi: mgeni hunyamaza, mwenye gesti hunyamaza, na watoto walio nyumbani ndio wanaoamka wakijikuna. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.