Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi: Soma Mpaka Uweze Mwenyewe
Kijitabu cha elimu kwa wanafunzi wapya wa vyuo vikuu nchini Tanzania



Pengine nyumbani wameshaanza kukuita "injinia". Jina hilo bado lina safari, na safari yenyewe inaanza wiki hii. Tunakuomba ushike jambo moja: usisome ili upite tu, soma mpaka uweze kuifanya kazi mwenyewe bila kushikwa mkono. Kurasa hizi zinaeleza namna ya kulitimiza hilo.

1. Desa ni la kujipimia

Mwezi wa kwanza hautaisha kabla hujaletewa desa: maswali ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake. Kulitumia kujipima ni jambo jema. Hatari ni kulikariri.

Chukua boriti ya mita 6 iliyoegemea nguzo mbili, moja kila mwisho, yenye mzigo wa kilonewtoni 12 katikati. Tuuhesabu mzigo huo peke yake, bila uzito wa boriti. Kila nguzo inabeba kilonewtoni 6. Aliyekariri atakujibu upesi. Sasa usogeze mzigo ukae mita 2 kutoka nguzo ya kushoto. Ya kushoto inabeba kilonewtoni 8 na ya kulia kilonewtoni 4. Aliyekariri amekwama, ilhali yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya maji na mwenzake kwa mti analijua jibu mabegani: ndoo ikisogea upande wako, wewe ndiye unayeelemewa. Anza na picha hiyo, kisha fuata hesabu.

• Jaribu kila swali peke yako kwa nusu saa kabla ya kwenda kwenye kikundi.
• Chora mchoro kabla ya kuandika fomula.
• Andika kizio katika kila mstari. Kuchanganya newtoni na kilonewtoni ni kosa la mara 1,000. Kwenye karatasi kosa hilo linakula alama. Kwenye jengo linakula watu.

2. Mtihani umeshaanza

Katika vyuo vingi, kazi za muhula na majaribio hubeba alama 40 kati ya 100, na mtihani wa mwisho 60. Soma kanuni za chuo chako ujue mgawanyo wake. Anayengoja wiki ya mwisho ndipo apige msuli anakuwa ameshazichezea alama nyingi. Wengi wanaoishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, si wazito wa kuelewa. Walichelewa kuuliza. Mhadhiri akimaliza kipindi, mfuate na swali lililoandikwa: "Nimefika hapa, sielewi hatua hii." Swali la namna hiyo hujibika.

3. Karakana ni darasa

Wapo wanaoiona karakana kuwa mahali pa kuchafua nguo, wakasaini mahudhurio na kusimama nyuma. Usiwe mmoja wao. Utapewa kipande cha chuma, ukibane kwenye jiliwa na kukipiga tupa mpaka uso wake unyooke. Kwa macho utaona umemaliza. Kisha fundi sanifu ataweka guni, kipimo cha pembe mraba, juu yake na kukiinua kuelekea dirishani: mwanga unapenya chini ya guni, uzi mwembamba tu, upande mmoja. Unarudi kwenye jiliwa.

Uzi ule wa mwanga unakufundisha yale ambayo ubao haufikishi. Utajua kwamba kipimo kwenye mchoro ni jasho la mtu, na kwamba hakuna kipimo kisichokuwa na kosa, ndiyo maana mchoro hutaja kosa linaloruhusiwa. Siku utakapochora wewe, utamfikiria atakayekitengeneza ulichokichora. Mheshimu fundi sanifu. Mwite "mwalimu" na umuulize, kwani mikono yake ina miaka mingi ya masomo.

Wasichana, shikeni spana na vernia. Wavulana, msiwaachie wenzenu kazi ya kuandika ripoti kila mara. Kila mmoja afunge boliti na kila mmoja aandike.

4. Mafunzo kwa vitendo (PT)

PT ya mwaka wa kwanza usiitafute ili ukapigiwe muhuri. Eneo dogo la ujenzi au gereji ambapo utapewa kazi linaweza kukufaa kuliko ofisi kubwa ambapo utakaa kwenye kiti tu. Andika daftari lako siku ileile: ulichokiona, vipimo, mchoro na swali lililobaki. Vaa kofia ngumu na viatu vya usalama, hata kama wenyeji hawavai.

5. Bumu, mwili na moyo

Bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, huja kwa awamu. Siku inapoingia, igawe kwa idadi ya wiki zilizobaki kabla hujanunua chochote. Kula na ulale. Anayekesha usiku mzima huingia mtihani akiwa na fomula asizoweza kuzipanga. Ukielemewa, nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi mapema. Kuomba msaada ni sehemu ya kujifunza.

6. Unakokwenda

Shahada huchukua miaka minne. Baada yake, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 15 ya mwaka 1997, hukusajili kwanza kama mhandisi mhitimu. Hufuata miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Huko hakuna desa. Utaulizwa ulifanya nini na kwa nini ulikifanya hivyo.

Wiki hii fanya haya

• Soma kanuni za mitihani za chuo chako.
• Tafuta wenzako watatu wa kusoma nao, wasizidi wanne.
• Nunua daftari gumu la karakana na PT.
• Mwulize mhadhiri mmoja swali moja.
• Rudia hesabu ya boriti hapo juu, safari hii mzigo ukiwa mita 1 kutoka kushoto. Fanya mwenyewe, ukimaliza ndipo umwonyeshe mwenzako.