Somo la Mwezi: Samaki Aliyedhaniwa Amekwisha

Sisi wa Mutuka tuko mbali na bahari. Samaki tunaowajua ni perege na kambare wa Ziwa Babati, na dagaa wanaotufikia sokoni wamekwisha kaushwa. Lakini leo tutamtazama samaki wa baharini, maana habari zake zinahusu neno moja zito ambalo watu hulitamka upesi mno, yaani "kutoweka."

Wataalam walimfahamu samaki huyu, silikanti, kwa njia ya mawe tu. Umbo lake lilionekana limegeuka jiwe ndani ya miamba ya kale, nao wakakata shauri kwamba jamaa yake yote ilikwisha yapata miaka milioni 66 iliyopita. Vitabu vikaandikwa hivyo.

Siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1938, meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ilitia nanga East London, Afrika Kusini. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji huo, alishuka bandarini kuwatakia mabaharia heri ya sikukuu. Katika lundo la samaki akaona pezi la buluu. Samaki mwenyewe alikuwa na urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 57, na mapezi yake yalikuwa manene kama miguu mifupi. Dereva wa teksi alisitasita kumpakia kwa sababu ya harufu. Chumba cha maiti nacho kikakataa kumhifadhi. Basi akachunwa ngozi, matumbo yakatupwa. Profesa J. L. B. Smith alipomwona mwezi wa Februari 1939 alimtambua mara moja, akampa jina Latimeria kwa heshima ya bibi yule.

Smith akataka samaki mzima. Alisambaza karatasi zenye picha, kwa lugha tatu, akiahidi pauni 100. Alingoja miaka 14. Mwezi wa Desemba 1952, tena karibu na Krismasi, ikafika simu ya maandishi kutoka visiwa vya Komoro: mvuvi Ahamadi Abdallah amemvua mmoja kwa mshipi huko Anjouan. Smith akapelekwa kwa ndege ya jeshi, na alipomwona samaki yule alilia machozi.

Wavuvi wa Komoro hawakumshangaa samaki. La ajabu kwao lilikuwa zawadi. Wao walimjua tangu zamani, wakamwita gombessa. Walijua kwamba hukaa kilindini, kwamba nyama yake ina mafuta mengi na hailiki vizuri. Husimuliwa kwamba magamba yake makali yalitumika kukwaruzia mipira ya baiskeli kabla ya kutia kiraka. Adamu alipowapa wanyama majina hakumngoja profesa, wala wavuvi hawa hawakumngoja. Kumbe aliyepotea si samaki. Waliopungukiwa na habari ni wale ambao hawakuwahi kuuliza.

Hata hapa Tanzania yupo. Mwaka 2003 mmoja alivuliwa karibu na Songo Mnara, Kilwa, na kuanzia mwaka 2004 wengine wengi walinaswa mkoani Tanga. Hawakutafutwa, waliingia katika majarife ya kuvulia papa yaliyotegwa kwenye maji ya kina kirefu. Mwaka 2009 serikali ilitangaza sehemu ya pwani hiyo kuwa hifadhi ya bahari, ikaitwa kwa jina lake.

Msomaji asidhani kwamba kuonekana tena ni kuokoka. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba silikanti huweza kukaribia umri wa miaka 100, kwamba jike hazai mpaka apite miaka 50, na kwamba mimba yake huchukua miaka kama mitano. Jarife moja la usiku mmoja laweza kuondoa kitu kisichorudishwa kwa nusu karne.

Tunaye pia chura mdogo wa Kihansi, ambaye habari zake ni kinyume cha hizo. Aligunduliwa mwaka 1996, akiishi penye rasharasha za maporomoko tu, katika eneo lisilozidi shamba dogo. Maji yalipogeuzwa kwa ajili ya umeme mwaka 2000, rasharasha zikakauka. Chura kama 500 walipelekwa Marekani kabla hawajaisha, na ilifaa, kwani mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena. Watoto wa wale waliohamishwa walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012, mahali ambapo rasharasha sasa hutengenezwa kwa mabomba.

Kwa mazungumzo nyumbani: Ni mnyama gani, au ndege gani, ambaye wazee wa kwenu humtaja na vijana hawajamwona? Mwulizeni mzee alimwona wapi mara ya mwisho, na mwaka gani, kisha andikeni.