REZO NA SAA YA KOMPYUTA NYUMBANI: TAFUTA UBOVU BILA KUUMIA



Leo somo letu ni juu ya kompyuta ya nyumbani. Pengine utauliza: kompyuta inaingiliana wapi na usalama? Inaingiliana sana. Kumbuka Mei 2021. Tarehe 22 Nyiragongo ilipasuka. Tarehe 27 watu wa sehemu nyingi za Goma waliamriwa kuhama. Siku kama hizo, asiye na rezo hukosa habari, na mwenye saa ya uwongo hawezi kujua kama tangazo ni la asubuhi hii au la jana.

Tena, ndani ya kompyuta mna kitu kidogo kinacholinda saa, na kitu hicho kinaweza kuua mtoto. Kwa hiyo soma mpaka mwisho.

1. Anza na umeme

Kazini hugusi mashini kabla ya kuhakikisha kwamba imezimwa. Nyumbani sheria ni ile ile. Umeme ukikatika, chomoa kompyuta na kisanduku cha rezo. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke tena, kwa maana umeme unaorudi waweza kuja na nguvu ya ghafula ukaunguza vyombo.

Ukitumia jenereta, iweke nje, mbali na mlango na dirisha. Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayolala mabondeni, isiyoonekana, na inayoua watu na mifugo. Moshi wa jenereta una hewa nyingine mbaya isiyo na rangi wala harufu, nayo huua aliyelala bila kumwamsha.

2. Rezo imepotea: tafuta kwa mpango

Usiguse kila kitu kwa mara moja. Jiulize hivi, moja baada ya nyingine:

Je, ni mimi peke yangu? Uliza jirani mwenye kampuni ile ile ya simu. Kama naye hana, ubovu uko nje ya nyumba yako. Ngoja.

Je, mega zimekwisha? Tazama kwanza. Wengi wamemlipa fundi bure kwa sababu hii.

Je, simu yangu imeshika rezo gani? Goma iko mpakani. Karibu na Gisenyi simu inaweza kushika rezo ya Rwanda, na mega zako zikakataa au zikakatwa kwa bei kubwa. Chagua kampuni yako kwa mkono.

Je, kisanduku cha rezo kimelemewa? Kizime, hesabu nusu dakika, kiwashe, ungoje dakika mbili.

Je, ubovu ni wa kisanduku au wa kompyuta? Jaribu kwa simu ya mtu mwingine nyumbani. Simu ikipata rezo na kompyuta ikakosa, tafuta kwenye kompyuta. Fungua ukurasa wake wa rezo, tazama namba ya anwani. Ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa namba na kisanduku: kaza waya, au ondoa rezo ile kwenye kompyuta uiingize upya kwa neno la siri.

3. Rezo iko, lakini kurasa zinakataa: tazama saa

Mara nyingine alama zote za rezo ni nzuri, lakini kila ukurasa unaandika kwamba si salama. Kabla ya kulaumu kampuni ya simu, tazama tarehe ya kompyuta.

Sababu ni hii. Kila ukurasa wenye ulinzi una cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kama kadi yako ya kazi mlangoni. Mlinzi mwenye kalenda ya miaka kumi nyuma atakukataza kuingia, hata kama kadi yako ni halali. Kompyuta inayodhani kwamba ni mwaka 2010 inafanya kama mlinzi yule. Weka tarehe ya kweli, na kurasa zitafunguka.

4. Saa inapungua moja kamili

Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja: hapa Goma ikiwa saa moja ya asubuhi, kule ni saa kumi na mbili. Kompyuta nyingi huandikwa Kinshasa, kwa kuwa ndiyo mji mkuu. Mfanyakazi wa Goma akiifuata ataamka saa moja nyuma ya wenzake, na gari la kazi halitamngoja.

Usisukume mishale kwa mkono tu. Rezo itairudisha kesho. Badilisha jina la mahali: chagua Lubumbashi, ambayo ina saa moja na Goma. Kama haimo, chagua Harare. Usichague Kampala wala Nairobi, maana hizo ziko mbele yetu kwa saa moja.

Tena kumbuka kwamba kompyuta haihesabu kama sisi. Ikiandika 7:00, sisi ni saa moja ya asubuhi. 13:00 ni saa saba ya mchana. 19:00 ni saa moja ya usiku.

5. Saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika

Hapo betri ya saa imekwisha. Ni ya duara kama kifungo. Katika kompyuta za mezani mara nyingi ni ya namba CR2032, ya volti 3. Fanya hivi:

a) Zima, chomoa waya, halafu bonyeza kidude cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke.
b) Gusa chuma kitupu cha sanduku kabla ya kugusa vya ndani.
c) Tazama upande wa alama + umeelekea wapi, kisha weka betri mpya ya namba ile ile.
d) Usifungue kabisa kisanduku cha umeme kilicho ndani. Hutunza umeme hata kikichomolewa.
e) Washa, weka tarehe kwa mkono, kisha acha rezo isahihishe dakika. Kompyuta nyingine hukataa kusahihisha saa iliyopotea mno.

Kompyuta ya mkononi mpelekee fundi.

6. Hatari kubwa: betri na mtoto

Betri hii ina upana wa milimita 20. Mtoto akiimeza inaweza kukwama kooni, nayo ikikutana na mate hutoa umeme unaochoma nyama ya koo. Katika saa 2 tu inaweza kuleta kidonda kikubwa. Hata betri isiyoweza tena kuendesha saa bado inachoma.

Dalili: mate mengi, kukataa chakula, kikohozi, maumivu ya kifua. Mara nyingine hakuna dalili. Ukidhani tu kwamba amemeza, fanya hivi:

— Mpeleke hospitali mara hiyo, usiku au mchana. Sema wazi “betri”, onyesha iliyofanana nayo, uombe picha ya kifua na tumbo.
— Usimtapishe. Usimpe chakula, maziwa wala maji.
— Kama amepita mwaka mmoja, ameimeza katika saa 12 zilizopita, na anaweza kumeza, mpe asali njiani: vijiko vidogo 2 kila dakika 10, si zaidi ya mara 6. Usichelewe kwa kutafuta asali. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe.
— Ikiingia puani au sikioni, usitie dawa wala maji. Hospitali.

Betri ya zamani ifunge kwa utepe wa kunata pande zote mbili, uiweke juu, mbali na watoto. Kabla ya kufunga kompyuta, hesabu: moja imetoka, moja imeingia, na ile iliyotoka iko mkononi mwangu.

Baba, usifanye kazi hii watoto wakiwa wanacheza miguuni pako. Mama, wasomee wakubwa ukurasa huu ili nao wawalinde wadogo wao.